Mstari Juu ya Dawati

Neno lenyewe, kuvumilia, ndilo linaloanza kutuponza. Tunavumilia njaa, tunavumilia maumivu ya jino, tunavumilia jua la saa saba. Halafu tunamwambia mtoto wa darasa la pili, "Mvumilie mwenzako," tukidhani tumemfunza jambo jema. Yeye amesikia nini? Amesikia kwamba mwenzake ni jino bovu.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe nilipokuwa nafundisha darasa la tatu. Watoto wawili waliokaa dawati moja walikuwa na mstari wa penseli katikati: huku kwangu, huko kwako. Kiwiko kikivuka, ugomvi. Mmoja wao alikuwa mgeni shuleni, na lafudhi yake iliwachekesha wenzake. Nikachukua kifutio, nikaufuta mstari, nikawaambia wavumiliane, kisha nikarudi ubaoni nimejaa hekima. Kesho yake mstari ulikuwa pale pale, safari hii kwa kalamu ya wino.

Nilidhani ni wa yule mwenyeji, anamtenga mgeni. Wiki kadhaa zilipita ndipo nikajua mchoraji alikuwa mgeni mwenyewe. Alikuwa akisukumwa kidogo kidogo hadi ukingoni, na mstari ule ndio uliokuwa kinga yake. Mimi mwalimu ndiye niliyembomolea ukuta, tena mbele ya darasa zima.

Kwenye karatasi mambo haya yamekaa vizuri. UNESCO ilipopitisha azimio lake kuhusu uvumilivu tarehe 16 Novemba 1995, ilisema wazi kwamba uvumilivu si kumwachia mtu tu, wala si kumtazama kwa jicho la huruma ukiwa umesimama juu yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika Ibara ya 29, unataka elimu imwandae mtoto kuishi katika jamii huru kwa moyo wa maelewano na amani. Lakini yakifika darasani hugeuka swali la mtihani: "Taja sifa tatu za raia mwema." Mtoto anazitaja zote, anapata tatu juu ya tatu, kisha anatoka mapumziko na kumfichia mwenzake kiatu.

Kiswahili kina neno jingine ambalo tumeliacha kabatini: kuchukuliana. Ndani yake kuna mzigo, na kuna zamu. Leo nimekubeba, kesho utanibeba. Hilo huwezi kulikariri, sharti lifanyike.

Mwaka 1971, huko Austin, Texas, shule zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa rangi mbalimbali na vurugu zikatokea, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake hawakuandaa mahubiri. Waligawa somo vipande vipande. Katika kila kikundi kidogo, kila mtoto alipewa kipande kimoja tu, na wenzake hawakuwa na njia ya kukipata ila kutoka kinywani mwake. Ukimcheka anayeongea polepole, utaingia kwenye jaribio bila kipande chake. Basi watoto wakaanza kuuliza vizuri na kusubiri jibu. Naipenda mbinu hii kwa sababu haimwombi mtoto awe malaika.

Zoezi la Jane Elliott, mwalimu wa Marekani, la mwaka 1968, la kuwagawa watoto kwa rangi ya macho na kuwadhalilisha kwa zamu ili wauonje ubaguzi, mimi silitaki, hata kama lina sifa dunia nzima. Mtoto wa miaka minane hajaja shuleni kudhalilishwa na mwalimu wake, hata kwa nia njema.

Uraia nao nauona kwa Janusz Korczak, daktari na mlezi wa watoto wa Poland, kuliko katika kitabu chochote cha kiada. Katika nyumba yake ya yatima kule Warsaw kulikuwa na mahakama ya watoto. Mahakimu walikuwa watoto wenyewe, na vifungu vyake vingi vilielekea kwenye kusamehe. Lililo kubwa ni kwamba hata mlezi aliweza kushtakiwa, na Korczak mwenyewe alishafikishwa pale. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunataka watoto wajue haki zao, mradi wasizitumie dhidi yetu. Mtoto akisema "Mwalimu, umenionea," tunamwita jeuri, na saa nne tunaingia darasani kufundisha demokrasia.

Najua wenzangu watauliza: hesabu zifundishwe saa ngapi? Ni swali la haki. Kusikiliza ugomvi wa kiwiko kunakula dakika kumi, na silabasi haisubiri. Jibu langu ni kwamba dakika hizo zinaliwa tu, maana mtoto aliyenuna hagawanyi wala hazidishi.

Miaka michache baada ya dawati lile, msichana mmoja alinyoosha mkono katikati ya somo. "Mwalimu, mbona kila siku unamwita yeye tu kufuta ubao?" Darasa likanyamaza. Nilikuwa na majibu tayari: ni mrefu, anafika juu, hapotezi muda. Nikamtazama yule mvulana, kisha wale walioketi nyuma ambao sikuwahi kuwaita hata siku moja. Nikamwambia ni kweli. Tukaandika orodha ya zamu, tukaibandika mlangoni, na yule msichana akasisitiza jina langu nalo liwemo. Nikapangiwa Ijumaa.