Msimnyime yai mgonjwa wa figo kwa kukariri

Kwa miezi kadhaa hapa kwetu Mbagala, yai lilikuwa mwiko kwa mama mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa namwondolea. Sinia la wali likitua mkekani, natoa yai na finyango za nyama, namwachia mchuzi na kabichi. Alikuwa ananitazama tu, hasemi kitu. Daktari alisema apunguze protini, na sisi tukasikia aache.

Kupunguza kuna sababu. Protini ikishatumika mwilini huacha taka iitwayo yurea, na kuitoa ni kazi ya figo. Ikizidi, huongeza shinikizo kwenye vichujio vya figo, ambavyo kwa mgonjwa vimeshapungua. Ndiyo maana mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya tiba ya figo, unashauri gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mtu mzima aliye hatua ya 3 hadi ya 5 ya ugonjwa sugu wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu. Mama mdogo alikuwa na kilo 60, kwa hiyo ni gramu 48. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, gramu 100 za nyama iliyopikwa kama 26. Hata ugali una yake. Gramu 48 ni chakula cha kutosha kabisa. Kinachobidi kutoka ni supu ya kila asubuhi na mishkaki ya kila jioni.

Kosa kubwa zaidi lilifuata. Alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, nasi tukaendelea na sheria ileile. Hakuna aliyetuambia kwamba hapo hesabu inageuka: sasa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, kwa sababu mashine inapotoa uchafu hutoa pia chembe zinazojenga protini. Siku moja anafua, bangili yake, ambayo zamani haikuvuka kiganja bila sabuni, ikachomoka yenyewe ikazama kwenye beseni. Nilishtuka kweli.

Mtaalamu wa lishe tuliyempata baadaye aliuliza kwanza uzito wake, kisha vipimo vya potasiamu na fosfeti (fosforasi ya kwenye damu), madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa. Maswali hayo yalipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, kazi ngumu kuliko kuandika karatasi. Sioni kwa nini kila chumba cha kusafishia damu jijini kisimpe mgonjwa karatasi moja yenye uzito wake, gramu zake, na mifano ya vyakula vya Kariakoo na Temeke, badala ya "usile nyama, usile maharage" inayopita mdomo kwa mdomo kwenye benchi la kusubiria.

Dagaa bado tunapima, maana wanaliwa na mifupa yao na fosforasi ni nyingi. Mayai nachemsha mimi. Kumenya anakataa kusaidiwa, anamenya mwenyewe, polepole, hadi ganda la mwisho.