Usiiachie dashibodi ikuchagulie muda

Grafu nyingi za dashibodi, yaani kurasa za kufuatilia mwenendo wa mifumo, ninazoonyeshwa katika ofisi za hapa Nairobi, iwe Westlands au Upper Hill, zinakwama kwenye swali moja: kila nukta hapo ni ya dakika ngapi? Nikiuliza, mwenye grafu anaikodolea macho skrini, anasogeza kipanya huku na huku, kisha ananijibu, "Imejipanga yenyewe." Ugomvi wangu unaanzia hapo. Ukitafuta hitilafu kwenye kumbukumbu za seva, yaani rekodi ambazo kompyuta inayoendesha mfumo hujiandikia, kisha ukaziweka katika vipande vya muda, urefu wa kipande ndio unaoamua utaona nini. Huo ni uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake, wala si pambo la mchoro.

Chukua mfumo wa malipo unaopokea maombi 1,000 kila dakika. Jioni, watu wakilipia nauli na unga, inatokea dakika moja tu ambapo maombi 600 yanafeli. Ukipanga matokeo kwa dakika moja moja, kipande hicho kina hitilafu asilimia 60, na unaanza kupigia watu simu. Ukipanga kwa dakika tano, ni asilimia 12. Kwa saa nzima, ni 1. Kwa siku, ni 0.04, na meneja anakupongeza kwa siku njema. Data ni ileile na hakuna aliyedanganya. Ni sawa na kupima foleni ya Thika Road kwa wastani wa saa 24, halafu umweleze aliyekwama Roysambu saa kumi na mbili jioni kwamba barabara hiyo haina shida.

Programu zenyewe hazina nia mbaya. Splunk, programu ya kuchambua kumbukumbu hizo, ukiipa amri ya timechart, inayochora grafu ya muda, bila kuitajia urefu wa kipande, hujichagulia kufuatana na kipindi ulichoomba: ukitaka dakika 15 zilizopita inakata kwa sekunde 10, ukitaka saa 24 inakata kwa nusu saa, ukitaka siku saba inakata kwa siku moja moja. Inajaribu kuzuia mchoro usijae nukta. Ila mchoro kuenea vizuri kwenye skrini ni jambo moja, na kujibu swali lako ni jingine kabisa. Hitilafu uliyoiona wazi ukitazama robo saa iliyopita inayeyuka ukipanua kipindi kuwa wiki, na anayeletewa grafu ya wiki ndiye mwenye kugawa bajeti.

Msimamo wangu ni huu: kipande kiwe kifupi kuliko hitilafu fupi zaidi inayomuumiza mteja. Kama mteja wa dukani anakata tamaa baada ya dakika mbili na kutoa noti, tahadhari inayohesabu kwa nusu saa ni mapambo. Upande wa pili, tovuti inayotembelewa mara kumi kwa saa usiikate kwa sekunde; utapata sifuri nyingi na vichuguu visivyo na maana. Na anayepanga uwezo wa seva kwa ajili ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, siku moja moja inamtosha.

Kuna na suala la siku inaanzia wapi. Elasticsearch, programu nyingine ya kutafuta na kuchambua data, hukata siku kwa saa za UTC, ambazo ni saa za rejea za dunia nzima, usipoitajia ukanda wa saa, na Nairobi iko mbele ya UTC kwa saa tatu mwaka mzima. Kwa hiyo "siku" ya grafu yako inaanza saa tisa usiku. Malipo ya Julai 1 kabla ya saa tisa usiku yanahesabiwa Juni 30, na kwa ofisi ya serikali huo ni mwaka mwingine wa fedha. Mhasibu hatakuelewa, na ana haki. Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka usiku wa manane wa Nairobi uwe mpaka wa kila kitu. Mechi ya Ulaya inayoanza saa tano usiku kwetu inaisha karibu saa saba, na wimbi la watu mtandaoni linakatwa vipande viwili vya Jumatano na Alhamisi. Hapo, kwa bahati tu, siku ya UTC inaliweka wimbi zima mahali pamoja.

Linaloniudhi zaidi ni vipande vitupu. Ukitumia GROUP BY ya kawaida, yaani amri ya kupanga rekodi kwa makundi, kwenye SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, saa ambayo haikuwa na rekodi hata moja haionekani kabisa kwenye matokeo, na mchoro unaunganisha nukta ya kabla na ya baada kwa mstari ulionyooka. Umeme ulikatika, seva ikazimika, na grafu inatabasamu! Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, tengeneza kwanza orodha kamili ya saa kwa amri ya generate_series, ndipo uunganishe rekodi juu yake. Na hata ukishapata hizo sifuri, uliza kama ni wateja waliokosekana au ni seva iliyoshindwa kuandika.

Kipande cha mwisho kulia, ambacho muda wake haujaisha, mimi hukiondoa kwenye grafu yoyote inayotumwa kwa wakubwa. Saa nne na dakika tano asubuhi kina dakika tano tu za rekodi, mstari unaporomoka, na kabla hujanywa chai mtu ameshauliza mauzo yamekwenda wapi.