Kifaa cha kushtua moyo na hekima ya kungoja

Mtu anapanda ngazi, mapigo yanafika 180 kwa dakika. Chini ya mtulinga, kifaa kilichopandikizwa kinayahesabu na kuamua: huu ni moyo uliochangamka tu, au umeanza kwenda kombo? Kikipuuza hatari ya kweli, mtu anafariki. Kikipiga pasipo sababu, anapata shoti akiwa macho kabisa, na waliowahi kuipata huifananisha na teke la punda kifuani.

Tangu Michel Mirowski na wenzake walipomwekea mgonjwa wa kwanza kifaa hiki mjini Baltimore, Februari 1980, mawazo ya madaktari yalielemea kwenye kuwahi kupiga shoti. Ni haki yao. Ventrikali, yaani vyumba vya chini vya moyo vinavyosukuma damu, zikitetemeka ovyo, ubongo unakosa damu na mtu anazimia ndani ya sekunde chache.

Mwaka 2012 ukaja utafiti wa MADIT-RIT, wenye wagonjwa 1,500. Kundi moja lilipangiwa vifaa visiingilie kati mpaka mapigo yafike 200, badala ya 170 iliyozoeleka. Tiba zisizostahili zilipungua mno. Vifo navyo vikapungua, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kumbe mapigo mengi ya kasi hutulia yenyewe yakiachwa kidogo. Wala haikuhitajika mashine mpya. Zilibadilishwa namba tu. Kwangu mimi, huu ndio uboreshaji wa bei rahisi kuliko wote.

Lakini wanaosita kupandisha namba hiyo wana hoja nzito. Wagonjwa wale walikuwa wamewekewa kifaa kwa tahadhari, kabla ya kupatwa na mapigo hatari. Mtu aliyekwisha kuzimia kwa mapigo ya 165, ukimwekea 200, kifaa kitamtazama akianguka. Huyo anahitaji kizingiti cha chini, yaani kifaa kianze kazi mapigo yakiwa machache zaidi, na kifaa kianze kwa kuusukuma moyo kwa mapigo ya haraka yasiyouma, ambayo mara nyingi huurudisha kwenye mwendo wake. Shoti ingoje nyuma.

Zaidi ya namba, kuna suala la nani awekewe. Utafiti wa DANISH wa 2016 uliwaangalia watu ambao moyo wao umedhoofika bila chanzo kuwa mishipa ya moyo iliyoziba. Kifaa kilipunguza vifo vya ghafla, ila jumla ya vifo haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Wengi walikufa kwa sababu ambazo shoti haizigusi. Kwa watu wa aina hiyo, hasa wenye umri mkubwa, hata kifaa kilichopangwa vizuri kabisa huenda kikakaa kifuani miaka yote bila kuwaongezea siku.