Kinyonga wa Bafuni

Bosi wangu ni Mtaliano wa Casuarina, hapa Malindi. Ana kinyonga mmoja, na kibali cha kumfuga amekitundika sebuleni kwenye fremu nzuri kuliko ya picha ya mamake. Machi hii alikwenda kwao, akaniachia mimi mtu wa bustani funguo, bomba la kupulizia maji na masharti. Joto la kivulini lisipite 32. Unyevu upande usiku, mchana majani yakauke kabla ya kupulizia tena. Maji ya bakuli nisihangaike nayo, hanywi. Yeye hulamba matone juu ya majani.

Shangazi, ambaye ndiye mpishi wa nyumba na tunaishi naye kwenye banda la nyuma, alisema neno moja tu: "Kuku wamekwisha?"

Siku mbili mambo yakaenda. Siku ya tatu kaskazi ikakata pumzi, jani halitikisiki, na saa saba mchana nikaona kipimo kinasoma 43. Mwili ukafa ganzi. Kinyonga mwenyewe alikuwa kajificha ndani ya majani, kijani kibichi, mdomo kaufumba, jicho moja kwangu na jingine kwa nzi. Angezidiwa na joto angepauka na kuachama. Lakini mimi nilimwamini nani? Kipimo. Kipimo nilichokihamishia upande wa jua mwenyewe, ili nikisome kutoka mkekani bila kuinuka.

Nikabeba kizimba mbio hadi bafuni kwetu, penye sakafu ya saruji na birika la maji. Pepo tupu.

Usiku nikaenda na tochi kumwangalia. Ee Mola! Kawa mweupe kama karatasi, kajikunja mkia, hatikisiki. Huwa wanapauka wakilala, lakini hilo halikuwa kwenye masharti. Nikafungua kamlango, nikamgusa mgongo kwa kidole kimoja, huku nimegeuza uso. Akafumbua jicho. Tochi ilikwenda kwake, mimi nikaenda kwangu, na mlango wa kizimba haukuwa na mtu wa kuufunga.

Alfajiri, umeme hakuna. Shangazi akaingia kutawadha kwa kupapasa, kama afanyavyo miaka yote: mkono ukutani, mkono ukingoni mwa birika, hadi kwenye kata. Akashika mpini. Mpini nao ukamshika.

Yowe lile lilinyamazisha waadhini. Wakaja walinzi wa nyumba tatu, mmoja na rungu, mmoja na panga, wa tatu na mswaki mdomoni. Tukamkuta shangazi ameketi ndani ya birika, maji kifuani, kata kaiinua juu kwa mkono ulionyooka, na juu ya kata kinyonga mweusi kama sufuria, amevimba, anafoka. Hakuna aliyekubali kumwachilia mwenzake kwanza.

"Mtoe," shangazi akasema taratibu sana, "kabla sijakutoa wewe."

Nikamwondoa kidole kimoja kimoja, nikamrudisha bustanini chini ya mwembe.

Saa mbili simu ikalia. Italia.

"Joto usiku lilikuwaje?"

"Zuri, bosi."

"Na unyevu?"

Nikamtazama shangazi anavyokamua leso yake ya pili kwenye kamba, hanitazami.

"Unyevu upo," nikasema. "Umefika hadi jikoni."