Juisi ya unga na tumbo la mtoto

Kwenye maduka ya Ngamiani, hapa Tanga, pakiti za juisi ya unga huning'inizwa mlangoni, usawa wa macho ya watoto. Igeuze moja usome maandishi madogo: sukari, asidi sitriki, rangi E102, vitamu visivyo sukari E950 na E951, na E466 ya kuifanya juisi iwe nzito. Wengi wakiona herufi hizo husema "kemikali tupu hizo" na mjadala umekwisha. Lakini vitu hivyo havifanani hata kidogo.

Asidi sitriki ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye ndimu tunayokamulia samaki. Vihifadhi navyo vina kazi ya maana: nitriti kwenye soseji huzuia bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huua. Kwa joto hili la pwani, chakula kilichoharibika kinamlaza mtu hospitali leo leo. Anayetaka viongezeo vyote vipigwe marufuku hajalifikiria hilo.

Mimi nina wasiwasi na E466 na vitamu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya waliopewa E466 walipungukiwa na ute unaokinga ukuta wa utumbo, bakteria wakausogelea, na panya wakanenepa. Panya si mtu, sawa. Basi mwaka 2022 yakachapishwa majaribio ya watu 16 wenye afya. Waliokula gramu 15 za E466 kila siku, kwa siku 11, bakteria wao wa tumboni walipungua aina, na zile asidi nzuri wanazozitengeneza zikashuka. Hata hivyo gramu 15 ni nyingi mno, glasi ya juisi haikaribii hapo. Hofu ina msingi, ila haijathibitisha kwamba glasi hiyo inadhuru.

Kwa vitamu, Shirika la Afya Duniani lilishauri Mei 2023 visitumiwe kupunguza unene. Ushauri huo haukuwahusu ambao tayari wana kisukari. Mwaka huo huo kiwango cha E951, yaani aspatamu, kikabakizwa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 600.

Kumnyima mtoto pakiti hiyo ukampa soda ya sukari hakumsaidii. Machungwa ya Muheza yakiwa msimuni, chungwa zima lina nyuzinyuzi, chakula cha bakteria wale wale, na juisi ya unga haina. Hapo sisiti: mtoto ale chungwa.

Ila mzazi anayenunua pakiti ana haki ya kupiga hesabu, na hawezi, kwa sababu imeandikwa E951 bila kutajwa ni miligramu ngapi. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ndiyo inayosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Iwalazimishe watengenezaji waandike kiasi, na waandike kwa Kiswahili.