Baba alikwenda Kagera, mimi nilikwenda Kandahar

Kila tarehe 11 Novemba, migahawa mingi ya hapa Texas hutulisha bure sisi tuliowahi kuwa jeshini. Unaonyesha kitambulisho, unaletewa sahani, mhudumu anakushukuru kwa kulitumikia taifa. Mwaka wa kwanza nilimpigia baba simu, kwetu Majita, mkoani Mara, nikamsimulia. Akauliza, "Ulikula na nani?" Nikamwambia peke yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akahamia habari za mvua.

Baba ni mgambo wa 1978. Majeshi ya Idi Amin yalipofika mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, na Mwalimu akatangaza redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo, baba alikuwa na miaka 22 na mke mjamzito. Aliingia Kampala kwa miguu, Aprili 1979. Alirudi na sikio moja. La kushoto liliishia kwenye mizinga. Akakuta nchi imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, na kwetu mkanda ule haukulegea tena. Dada yangu mkubwa aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa ada.

Mimi niliondoka 2007 kwa bahati nasibu ya Green Card. Nikabeba boksi miaka miwili, kisha nikajiunga na jeshi. Sababu yangu naisema wazi, maana wengi wetu huizunguka: mshahara, shule, uraia. Kwetu hakuna aliyetuvamia. Mwaka 2011 nilikuwa Kandahar, Afghanistan, naendesha lori la mafuta kwenye barabara zilizotegwa mabomu. Na siku niliyoapa uraia wa Marekani, Utanzania wangu ulikoma, kwa kuwa sheria yetu haikubali uraia pacha. Nilipokwenda kumzika shangazi nilipanga foleni ya wageni pale Dar es Salaam, nikalipia viza.

Mema ya huku siyapunguzi. Nilipimwa masikio, mgongo na usingizi. Kila kilichoharibika kiliandikwa kwenye faili na kupewa asilimia, na kila mwezi fedha inaingia bila mimi kumpigia mtu magoti. Chuo nimelipiwa. Kwa hiyo nikisikia ndugu wakisema nyumbani kuna upendo na huku kuna pesa tu, nalikumbuka sikio la baba. Hajawahi kukaa mbele ya daktari akaulizwa lilivyopotea. Upendo tulikuwa nao tele, na dada alirudi kulima.

Lakini kuna siku niliuliza ofisini kama ile haki yangu ya masomo ningeweza kumpa binti wa dada huyo, aliyefaulu kidato cha sita. Nikajibiwa kwa upole kwamba ni mke na watoto wangu tu. Nikaeleza kwamba huyu ni mwanangu, mama yake ndiye aliyenibeba mgongoni. Mama wa ofisini alinitazama kwa huruma ya kweli, akarudia maneno yaleyale. Nilikaa garini nusu saa kabla ya kuwasha injini. Ada ya yule binti sasa inatoka kwenye zamu zangu za Jumamosi na Jumapili.

Halafu kuna usiku. Baba aliporudi kutoka vitani alikuwa akipiga kelele usingizini, mama amesimulia. Mama hakujifungia naye. Alimwita baba mdogo, na wanaume wa ukoo wakagawana siku za kuja kulala pale. Mzee mmoja waliyekuwa wote Kagera alikuja kila asubuhi, masika nzima, wakikaa chini ya mwembe wanashona nyavu. Hakuna aliyeupa ugonjwa ule jina. Hakupona kabisa, hata leo huamka kabla ya jogoo, ila sikuwahi kumkuta amekaa peke yake.

Kwangu, mke wangu anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Majirani wanaijua rangi ya gari langu. Mwanangu alipokuwa na miaka sita alikuja kuniamsha kwa kunigusa bega, nikamkamata mkono kwa nguvu hadi akalia. Tangu siku hiyo husimama mlangoni kwanza na kuita, "Baba, ni mimi." Ana miaka kumi sasa na bado anafanya hivyo.

Watanzania wenzangu wa huku, akifa mtu tunaunda kamati kabla ya jua kuzama, tunachangishana, mwili unasafirishwa. Kwa aliye hai asiyelala hatujawahi kuunda kamati. Mgongee mlango. Usimletee ushauri, njoo na unga msonge ugali, ukae. Na viongozi wa nyumbani, kila Julai 25 mnaweka mashada, na Kaboya pale Muleba mashujaa wa Kagera wamepumzishwa kwa heshima. Nashukuru. Sasa wahesabuni na wale mgambo waliorudi vijijini, muwapime masikio wangali hai. Hawajabaki wengi.

Kabul ilipoanguka mikononi mwa Taliban, Agosti 2021, baba alinipigia mwenyewe. Akasema wao Kampala watu walitoka barabarani kuwapokea. "Ninyi wamewaagaje?" Sikuwa na jibu, naye hakunibana.

Mwaka huu Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, fataki zilianza saa 3 usiku. Watoto walitoka na mama yao kuzitazama, mimi nikakaa bafuni, mahali pasipo na dirisha, nikampigia. Majita ilikuwa saa 11 alfajiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nini hicho kinalia?"

Nikamwambia ni sherehe. Akaniambia nisikate simu. Nilisikia akikivuta kigoda, akakohoa, akaanza kunieleza ng'ombe waliozaa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao na rangi zao. Alipowamaliza akaanza wa jirani. Fataki zilipotulia alisikiliza kidogo, akauliza kama zimekwisha. Nikasema zimekwisha. Akasema haya, ngoja akafungue zizi.