Msomi akirudi Newala, maji atateka wapi?

Leo nimeamka alfajiri, nimevaa mabuti ya mpira, nimebeba koleo, nikaenda kuzibua mfereji. Ilikuwa zamu ya mtaa wetu. Naishi Kamiyama, mji mdogo wa milimani mkoani Tokushima, Japani. Usipotokea mferejini hakuna atakayekugombeza, ila wazee watakukumbuka. Pembeni yangu alikuwepo kijana aliyeacha kazi ya matangazo Tokyo, anachota tope huku akilalamikia mgongo wake.

Huku vijiji vimekimbiwa. Hesabu ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu zipatazo milioni 9 Japani nzima. Ndiyo maana tangu 2009 serikali inawalipa watu wa mjini wahamie vijijini, hadi miaka mitatu, wafanye kazi za jamii huku wakijitafutia riziki ya kudumu. Kamiyama ilibahatika kupata intaneti ya kasi mapema, na mwaka 2010 kampuni ya Sansan ya Tokyo ikafungua ofisi ndani ya nyumba ya zamani ya mkulima. Wengine wakafuata.

Kila nikisimulia haya, jamaa zangu wa Dar wanapandwa na mori: na sisi tujenge kijiji cha wasomi kwetu Newala, kusini mwa Tanzania! Viwanja, ukuta, geti, sola, intaneti. Nawapenda sana, lakini hapo tunaachana njia.

Huku kijiji kina maji na lami, kimekosa watu. Kwetu watu wapo, watoto tele, na nyumba tupu ni zile za kwenu wenyewe mlio Dar, zinazofunguliwa kukiwa na msiba. Kilichokosekana ni maji. Bibi yangu alikuwa na kisima cha saruji kinachokinga mvua ya paa la bati. Mfuniko wake ulikuwa na kufuli, ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Mvua zikikata, alikuwa anatumbukiza fito kupima kina, anaitazama ile alama ya unyevu, kisha anatangaza nguo zitafuliwa lini. Maji ya bomba nayo yanasukumwa kutoka chanzo cha Mitema, chini bonde la Kitangari, hadi juu uwandani. Pampu ikigoma, ndoo inapanda bei siku hiyohiyo. Sasa wasomi hamsini wenye bustani za nyasi watachota kisima cha nani?

Tena mipango ya wataalamu si migeni kusini. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga, Nachingwea wakashusha matrekta, reli ikajengwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Nasikia bado kuna wazee wanaocheka wakilisimulia hilo.

Msomi ninayemtaka mimi ni yule mwenye kazi inayohitajika kijijini. Korosho yetu nyingi inaondoka na ganda lake, inakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Chama cha msingi cha ushirika cha kwa mjomba kina karani hodari wa mizani, lakini mashine ya kubangua ikiharibika inasubiri fundi kutoka mbali. Huyo fundi, na mhasibu, na anayeweza kuandikiana na mnunuzi wa nje, hao waje hata kesho. Na wapite mlango wa mbele: kwa sheria ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, si na dalali wa WhatsApp. Kisha wachimbe kisima kabla ya kuweka geti.

Juzi nikamwandikia mjomba kwamba nafikiria kurudi, na nina wazo la mradi. Nilitegemea atafurahi. Akanijibu kwa sauti, jogoo anawika nyuma yake: "Mwanangu, mradi wako utanieleza hapa hapa. Njoo Juni tupulize salfa kwenye mikorosho. Na ubebe barakoa za huko, maana hizi za kwetu zinapitisha vumbi."